Kiroba au ndoo? Kwa mwenye kaua kadogo Arusha au Moshi

Juzi wifi yangu wa Pasua, Moshi, kanipigia WhatsApp ya video asubuhi asubuhi ananionyesha viroba vitatu vya mahindi vya kilo 100 na ndoo sita za rangi alizopewa na fundi, "wifi, nianze na kipi kati ya hivi?" Nyuma yake nauona ua wenyewe, hatua tatu kwa hatua sita hivi kati ya ukuta na choo, kamba ya nguo imekatiza katikati na kuku wa jirani wanapita pita utadhani wana hati ya hicho kiwanja. Nikamwambia wifi hili sio la kujibu kwa simu, mimi nimekosea kwenye kiroba na nimekosea kwenye ndoo pia, ngoja nikae chini nikuandikie. Ndo hii sasa, na wengine mnaokaa nyumba za kupanga someni mchukue linalowafaa.

Mimi niko Sakina, Arusha, tuko wapangaji wanne, ua mmoja, bomba moja, na huu ni mwaka wa tatu nalima uani. Sijasomea kilimo, nimesomea kuunguza miche.

Ninaposema kiroba namaanisha kile cha kusimamisha, unajaza udongo, katikati unapitisha nguzo ya kokoto, unapanda juu na unatoboa matundu ubavuni unapanda na huko. Ninaposema ndoo namaanisha chombo chochote kigumu cha kukaa mche mmoja au miwili, ndoo ya lita 20, ya lita 10, dumu lililokatwa kichwa, hata beseni lililopasuka.

Tuanze na nafasi maana ndo shida yetu sote. Kiroba cha kilo 100 kikishasimama kinakula duara la nusu mita tu pale chini, sasa mimi ubavuni nilitoboa matundu 30 na juu nikaweka miche 6, jumla sukuma wiki 36 kwenye eneo la stuli moja. Hizo hizo sukuma 36 ukitaka kuziweka kwenye ndoo za lita 20, ndoo moja inabeba mbili zikapumua vizuri, ya tatu unalazimisha, kwahiyo unahitaji ndoo 18, na ndoo 18 ukizipanga mstari mmoja zinapita mita 5, yani ua wa wifi umeisha na nguo hamna pa kuanika. Hapo ndoo haina la kusema.

Alafu kuna kitu watu hawakiamini mpaka wapige hesabu. Kila mtu anaogopa kiroba anasema kinakula udongo mwingi, kumbe kiroba cha kilo 100 ni kama lita 140, toroli mbili na kidogo, wakati zile ndoo 18 ni zaidi ya lita 300, hizo ni kama toroli tano. Na udongo ndo gharama yenyewe, kiroba kitupu ni hela ya soda, ndoo unaweza kuokota, lakini udongo mzuri na samadi unabeba mwenyewe au unamlipa kijana wa toroli. Kwahiyo kwa mboga za majani kiroba kinashinda kwenye nafasi na kinashinda kwenye udongo pia.

Ila ni kwa mboga za majani za kuchuma, hapo ndo watu wanapotea. Sukuma, spinachi, chainizi, mnafu, hivi unachuma majani au unakata ncha mche unabaki unachipua tena. Mchicha wa kung'oa usiuweke ubavuni, ukivuta mche unatoka na udongo wa tundu zima na kiroba kinaanza kukohoa udongo kila ukimwagilia, mchicha weka juu au kwenye beseni, wiki tatu nne unang'oa unapanda mwingine. Nyanya, hoho, biringanya na nyanya chungu ni wa ndoo. Nyanya ina mizizi mingi na inataka mti wa kuegemea, sasa mti huo ubavuni mwa kiroba utausimika wapi? Kuna kiroba changu nilipanda nyanya nne ubavuni, zikazaa, matunda yakavuta matawi chini yakavunjika yakiwa mabichi, tukala chachandu ya nyanya za kijani.

Maji sasa. Hapa nakaa kidogo maana kiroba changu cha kwanza kilifia hapa.

Nilikijaza udongo mtupu, kokoto sikuweka, niliona ni mbwembwe za watu. Namwagilia juu kila jioni, sukuma za juu zimenenepa majani kama masikio ya tembo, za katikati hivi hivi, za chini zimekuwa njano zimesinyaa, nikadhani ni mbolea, nikaongeza mbolea. Wiki ya tatu nikavuta mche mmoja wa chini, ukatoka kirahisi kama sindano kwenye pamba, nikaingiza kidole kwenye tundu lake mpaka fundo la pili: vumbi. Vumbi kavu kabisa, na muda huo huo juu udongo umelowa chepe chepe. Maji yalikuwa yanaingia juu yanatokea kwenye matundu ya juu juu, yanachuruzika nje ya kiroba, chini hayafiki hata tone.

Cha pili nikafanya kama wanavyofanya watu wenye akili. Nilichukua kopo kubwa la maziwa ya unga nikalitoa kitako likawa bomba wazi pande zote, nikalisimamisha katikati ya kiroba, ndani ya kopo nikajaza kokoto, nje ya kopo nikazungushia udongo mpaka usawa wa mdomo wa kopo, nikashindilia kidogo kwa ngumi, alafu nikalivuta kopo juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama katikati kama uti wa mgongo. Unarudia hivo hivo mpaka kiroba kijae. Kokoto za jengo zinafaa, moramu wa kuchekecha unafaa, matofali yaliyovunjika yanafaa pia. Ukimwagilia unamimina hapo kwenye kokoto polepole, maji yanashuka mpaka chini yanasambaa pembeni. Matundu ubavuni toboa ukishajaza, usitoboe kabla, pachika kisu upana wa vidole viwili tu, pishanisha usiyapange mstari mmoja wima, maana tundu la juu likichuruzika linamwagia la chini yake na linabeba udongo wake.

Kiangazi kiroba changu kinakunywa keni moja na nusu ya lita 10 kwa siku, asubuhi nzima jioni nusu. Ndoo zangu kila moja lita moja hivi, ile yenye nyanya iliyobeba matunda inataka mbili. Kwahiyo kwa kuhesabu mche kwa mche kiroba kinabana maji zaidi, ila kina kiburi kimoja: kikikauka kweli kweli, ukisafiri siku nne kwenda msibani hamna wa kumwagilia, kukirudisha ni kazi, udongo unajitenga na kokoto, maji yanapita katikati kama kwenye mfereji yanatoka chini. Ndoo ikikauka unaizamisha kwenye beseni la maji nusu saa imefufuka.

Hapa Arusha na Moshi zinaachana. Sisi tuko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini zaidi, mia nane mia tisa, na wenyewe mnajua jua la Moshi la mwezi wa pili linavyouma. Ndoo nyeusi au ya bluu iliyokolea ukiiacha juani Pasua saa nane mchana ishike kwa mkono uone, mizizi inayogusa ukuta wa ndoo inapikwa. Moshi chagua ndoo nyeupe, kama huna ipake chokaa nje au ivishe kipande cha kiroba cheupe cha salfeti. Kiroba cheupe hakichemki hivo maana kinapumua, ila kinakauka haraka upande wa jua, ukiweza kisimamishe toka mwanzo pale penye kivuli saa za mchana, yani kipate jua la asubuhi.

Arusha shida yetu ni nyingine. Masika mwezi wa tatu mpaka wa tano mvua, alafu mwezi wa sita na wa saba mawingu yanakaa kichwani kama kofia, siku nzima hulioni jua wala mlima Meru, sukuma zinadumaa na nyanya zinapata ukungu, majani yanakuwa na mabaka meusi kama yamemwagiwa maji ya moto na ndani ya wiki mche umeisha. Hapo ndo niliijua thamani ya ndoo. Mvua ikianza nazisogeza chini ya upenu wa bati, majani hayalowi, nyanya zangu za masika zilizopona zote ni za kwenye ndoo. Kiroba kinasimama pale pale kinaloa kila tone la Mungu.

Maana kiroba hakihami, jamani, na hilo ni kubwa kuliko yote kwa mpangaji. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ni kilo 25 mpaka 30, mimi na binti yangu tunabeba. Kiroba cha kilo 100 kikiloa kinapita kilo 150 na hakina pa kushika. Mwaka jana mwenye nyumba aliamua kujenga frem upande wa barabara, akaniambia mama toa mizigo yako kesho kutwa fundi anakuja, nikaita vijana wawili wakakikumbatia kiroba wakakivuta, hakijasogea hata hatua mbili kikapasuka toka juu mpaka chini, sukuma zaidi ya 30 zilizokuwa ndo zimefika kwenye kuchuma zimelala chini mizizi juu. Ndoo zangu tisa zilihamia upande wa pili ndani ya dakika kumi, na aliyepanga chumba cha mwisho alipohama mwezi uliofuata aliondoka na hoho zake tatu kwenye kirikuu zimekaa katikati ya godoro na jiko la gesi, mpaka leo anazichuma Moshono.

Kwahiyo kabla ya kujaza kiroba jiulize hapo utakaa mwaka? Kama mkataba wako ni wa miezi mitatu mitatu, na mwenye nyumba ana tabia ya kuja kupima pima kwa hatua akiwa na fundi, wewe ni mtu wa ndoo. Na anayekaa ghorofani mwenye kibaraza kidogo asithubutu kiroba kikubwa, uzito ule wote umekaa sehemu moja, weka ndoo za lita 10 zimesambaa pembeni kwenye ukuta.

Kudumu nako. Viroba vya salfeti jua linavila, kwangu vinakaa mwaka mmoja hivi, unaanza kuona nyuzi zinachambuka ukigusa, ukiwahi unakivika kiroba kingine juu yake, ukichelewa kinajifungua chenyewe usiku. Ndoo nina mbili toka nianze, mdomo umepasuka ila zinafanya kazi. Ndoo za rangi chukua za rangi ya maji tena ukwangue usugue mpaka iishe, za rangi ya mafuta mimi siweki chakula. Nzuri zaidi ni ndoo za mafuta ya kupikia, mama ntilie wanazo. Dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu usitumie kabisa hata likioshwa mara mia.

Ndoo itoboe matundu matano sita chini, msumari wa nchi nne unaupasha kwenye mkaa unaingia kama kwenye siagi, alafu weka vipande vya tofali kabla ya udongo. Nimewahi kutoboa tundu moja tu katikati, udongo ukaliziba, masika ndoo ikawa bwawa, hoho zikaoza mizizi huku majani yananyauka nikazidi kumwagilia nikidhani ni kiu. Na usiiweke kwenye sahani inayotuama maji, utafuga mbu.

Udongo wa vyote viwili ni ule ule: kwa kipimo cha toroli, udongo wa juu mbili, samadi iliyooza moja, na mchanga au pumba za mpunga moja. Moshi pumba mnazo za kumwaga, sisi huku tunazitafuta. Samadi iwe imeoza mpaka hainuki tena na ukiishika haina joto, mbichi inaunguza miche ndani ya siku tatu. Na ule udongo uliotoka kwenye msingi wa nyumba usidanganyike na wekundu wake, hauna rutuba, wa kuchota ni ule wa juu.

Wadudu ni karibu sare. Sukuma zikisongamana kwenye kiroba vidukari wakiingia tundu moja kesho wako kumi, nawapulizia maji ya sabuni chini ya majani jioni, siku ya tatu narudia. Nyanya zina kantangaze, yule kiwavi aliyeingia nchini 2014 akamaliza mashamba, anachimba njia nyeupe ndani ya jani, kwa nyanya nne tano za nyumbani unakagua kila asubuhi unatoa jani unachoma, na ndoo iliyozidiwa unaihamishia mbali na wenzake, kitu ambacho kwa kiroba haiwezekani. Kuku ni habari nyingine, matundu ya chini ya kiroba yako usawa wa mdomo wa kuku kabisa kama wamewekewa sahani, zungusha wavu wa kuku mpaka usawa wa kiuno. Ndoo unaipandisha juu ya matofali matatu yamekwisha.

Mnaniuliza pia zile chupa za maji za kuning'iniza ukutani. Picha nzuri, saa sita mchana udongo umeshakauka, giligilani labda. Tairi ni zito, linashika joto, na mpira ukichakaa unaachia zinki na vitu vingine kwenye udongo, mimi langu nimepanda maua. Sanduku la mabanzi la kina cha sentimita 30 ni zuri kuliko vyote humu ila ni la mwenye kiwanja chake, na mchwa umwekee akiba.

Kwenye kuchanganya, Wachaga walishatufundisha zamani, kihamba kizima, lile shamba lao la nyumbani, kimepangwa kwa ghorofa, mgomba juu, kahawa chini yake, mboga na magimbi chini kabisa. Uani fanya hivo hivo, ndoo za nyanya ziwe upande unaopata jua masaa sita na zaidi kwa siku, mnafu na spinachi ndo zinavumilia kukaa nyuma yao. Miche mimi nanunua soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano au Jumamosi, kuotesha kitalu kwa kaua hako ni kupoteza nafasi. Nyanya omba fupi kama Tanya, hizi ndefu za kupanda juu zitakumaliza kamba.

Haya wifi, kwako sasa. Mkataba wako ni wa mwaka na kaka kasema hamhami, kwahiyo simamisha kiroba kimoja tu, kimoja, pale pembeni mwa bafu la nje ambapo ukuta unakupa kivuli kuanzia saa saba, na maji unayosuuzia mboga na mchele yaende humo kwenye kokoto, ya sabuni usimwage. Sukuma ubavuni, mnafu upande wa kivuli, juu mchicha na kitunguu majani. Ndoo nne panda nyanya mche mmoja mmoja, ya tano hoho, ya sita giligilani na pilipili. Ukianza wiki hii mchicha utakula ndani ya mwezi, sukuma mwezi na nusu mpaka miwili, nyanya usinipigie kabla ya miezi miwili na nusu haijaisha.

Kiroba cha pili kiweke ndani kikisubiri kuvikwa juu ya hicho cha kwanza nyuzi zikianza kuchambuka. Cha tatu kikate vipande sita uzivishe ndoo, naona ni za bluu zote. Na kabla hujatoboa tundu lolote nenda kwa mama wa hao kuku, mwambie taratibu, tena nenda na kitu mkononi, maana wavu utanunua lakini jogoo wake nimemuona kwenye ile video, anaruka.